Binti anataka kwenda kwenye merikebu

Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu alikuja mkutanoni akiwa amechoka usoni. Binti yake ana miaka 19, amemaliza masomo, kazi hajapata. Sasa amemwambia kwamba anataka kujitolea kuwa baharia kwenye chombo cha matanga. Bila mshahara! Tulicheka sote. Bunia na bahari, wapi na wapi? Mwenzetu hakucheka, na baadaye tukaona haya.

Basi tuliulizia. Huko Ulaya merikebu za milingoti mirefu bado zipo, nyingine za zamani kweli, nyingine zimejengwa kwa mfano wa zile za zamani. Kila mwaka wakati wa joto hushindana baharini, na kanuni inataka angalau nusu ya mabaharia wawe vijana wa miaka 15 hadi 25. Hawaendi kama abiria. Wanavuta kamba, wanapanda mlingotini, wanasugua sitaha, wanaamshwa usiku wa manane kushika zamu. Mara nyingi kijana mwenyewe ndiye anayelipa mchango wa chakula na mafunzo, isipokuwa apate msaada.

Karibu zaidi na sisi kuna Flipflopi. Ni jahazi lililojengwa Lamu, huko Kenya, na fundi Ali Skanda na wenzake, kwa plastiki iliyotupwa, karibu tani 10. Ubavuni limevikwa rangi za kandambili kuukuu, kama 30,000. (Zile tunazozirukia kwenye mitaro yetu kila mvua ikinyesha!) Lilishushwa majini Septemba 2018. Mwanzo wa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500, likisimama njiani kuongea na watu juu ya takataka. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria, likapita Kenya, Uganda na Tanzania. Hapo ndipo tulipoacha kucheka, maana ziwa tunalijua. Na kwenye jahazi, kutweka tanga si kazi ya mtu mmoja. Mikono mingi inavuta kamba moja kwa sauti moja, na anayejifunza anavuta sawa na nahodha wa kesho.

Kwa hiyo hatumwambii mwenzetu amkataze binti. Tunamwambia aulize sana. Mmoja wetu aliwahi kumpa dola zake mtu wa kwenye simu aliyemwahidi mwanawe kazi ya meli na mshahara mnono. Simu ilizimwa siku ileile. Anayekuita kujitolea hawezi kukuahidi utajiri. Chombo cha kweli kina jina, kina bandari, kina nahodha anayekubali kuongea na mzazi. Kinasema mapema nani analipa tiketi ya kwenda, na hasa ya kurudi. Na paspoti ya mtoto inabaki kwa mtoto. Akiambiwa aitoe ili “itunzwe”, arudi nyumbani.

Lakini swali gumu zaidi liliulizwa na nyanya mmoja aliyekaa nyuma: “Huyo mtoto anajua kuogelea?”

Kimya. Hajui. Na sisi tuliokuwa pale, tukihesabiana, tulikuta ni wawili tu wanaojua, wote wamezaliwa Tchomia. Wengine tunavuka Ziwa Albert na magunia ya samaki na vitambaa, tumekaa juu ya mizigo, mtoto mgongoni, bila jile ya kuokolea maisha, tukimwomba Mungu upepo usigeuke. Tumewazika watu kwa sababu hiyo. Tunaogopa bahari ambayo hatujaiona, na ziwa letu tunaliingia hivihivi.

Binti amekubali: kuogelea kwanza, halafu barua za maombi. Mama yake amesema akienda kujifunza, naye ataingia majini pamoja naye, hata wakimcheka. Wengine watano wamejiandikisha.

Tunatafuta mtu wa kutufundisha, ikiwezekana mwanamke, mahali pa maji ya kina kidogo na salama. Ninyi wa Kasenyi na Tchomia, kama mnamjua, mtuletee habari kabla ya mkutano wa Jumamosi. Na mwenye jile ya kuazima, hata moja, aje nayo.