Mzee Simba na kopo la oili chafu

Nianze kwa kukiri kosa, maana nikianza kwa kulaumu wengine nitakuwa mnafiki. Mimi ninayejiita mwandishi wa habari, ninayelipwa ili niulize maswali, nilikwenda gereji ya mtaani na chupa tupu ya maji, nikaomba oili chafu, nikarudi nyumbani nikampaka mbwa. Mwili mzima, kuanzia shingoni hadi mkiani. Nilivaa glavu ili mikono yangu isichafuke. Hebu fikiria hilo kidogo, msomaji. Ngozi yangu niliilinda, yake nikaimwagia kitu kile kile.

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba, ana miaka 11. Baba ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu za Msimbazi ambazo leo sitaki kuziingilia. Jirani yetu ni Yanga wa damu na hajawahi kumtaja kwa jina, anamwita "yule". Simba ni chotara: nusu mbwa wa kawaida wa mtaani, nusu jemani shepadi. Tangu nikiwa sekondari amelala pale getini, mvua na jua, na mshahara wake umekuwa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa.

Mwaka jana akaanza kunyonyoka manyoya. Ilianzia mbavuni, pande zote mbili sawasawa, kama vile kuna kinyozi aliyepima kwa rula. Kisha mkia ukabaki mtupu kama wa panya. Ngozi ikawa nyeusi na nene. Na alikuwa ananenepa, ingawa sahani yake ilikuwa ile ile. Jirani alifurahi sana. "Sasa simba asiye na manyoya ndiyo simba gani?" akauliza juu ya ukuta, na Baba akaacha kumsalimia kwa wiki nzima.

Nyumbani tulikuwa na jibu moja: uzee. Mama alisema uzee, Baba alisema uzee, fundi aliyekuja kurekebisha bomba naye akasema uzee, kisha akaongeza kwamba dawa yake ni oili chafu, kwao Singida wanapaka hiyo na mbwa anapona. Nami nikaenda gereji.

Wengi wenu mnaijua tiba hii. Sina shaka baadhi yenu mmeifanya, au mmeona babu zenu wakiifanya. Mantiki yake siyo ya kipuuzi kabisa. Oili ile ile tunapaka nguzo za uzio ili mchwa wasile, basi mtu anajiambia kinachofukuza mchwa kitafukuza na wadudu wa ngozi. Inawezekana kweli wadudu wengine hukosa hewa wakafa. Lakini mbwa siyo nguzo. Mbwa anajilamba. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi, chembe za vyuma zilizosagika na kemikali za mafuta yaliyoungua, nyingine zikiwa zile zinazojulikana kuleta saratani. Zamani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya risasi iliyokuwa kwenye petroli, na nchi zetu za Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo babu aliyempaka mbwa wake mwaka 1985 alimpaka na risasi juu yake. Mbwa alipokufa miezi michache baadaye, bila shaka waliokuwepo walisema uzee.

Simba alitapika usiku ule ule. Asubuhi nilimwogesha kwa sabuni ya vyombo, mara nne, maji yakawa meusi. Ngozi iliyokuwa nyeusi sasa ilikuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza akaanza kujikuna. Kumbuka neno hilo, kujikuna, nitalirudia.

Baba akaita mtu anayetibu mifugo pale mtaani. Alikuja na pikipiki, akamtazama Simba akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, akatoa chupa yenye picha ya ng'ombe, akavuta dawa kwa kukadiria kwa jicho, akamchoma sindano, akapokea hela. Dakika tano hazikufika. Nilimuuliza ni ugonjwa gani, akanijibu "upele". Nilimuuliza upele gani, akaniangalia kama ninamkosea adabu.

Dawa yenyewe ilikuwa aivamektini. Siyo dawa ya kubeza hata kidogo. Wawili waliochangia kuigundua, Campbell na Omura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo hiyo inayogawiwa watu wa Mahenge kukinga upofu wa usubi. Ila kuna mbwa wenye kasoro ya urithi inayoruhusu dawa hii iingie kwenye ubongo. Kasoro hiyo inajulikana tangu 2001, hasa kwa koli na jamaa zao, na baadhi ya mashepadi wanayo. Chupa ya ng'ombe ina dawa kali iliyotengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Ukikadiria kwa jicho kwa mbwa wa kilo 22, unacheza bahati nasibu kwa tiketi ya mwenzako. Simba alikuwa na bahati.

Baada ya wiki mbili hali ilikuwa mbaya zaidi. Jumapili moja baada ya kanisa Mama alisema lile ambalo wote tulikuwa tunalikwepa. Wajukuu wanacheza uwanjani, mbwa ana ugonjwa wa ngozi, bora aondolewe. Kila mtu pale mezani alijua maana ya "aondolewe". Huita mtu mwenye bunduki, au unamtia kwenye gari unakwenda kumwacha mbali. Baba hakusema kitu, aliendelea kumenya chungwa. Mimi niliomba mwezi mmoja.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye kliniki, mzee mmoja aliyestaafu serikalini. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akaniuliza: "Kabla hamjampaka hayo madude yenu, alikuwa anajikuna?" (Alijua tumempaka. Harufu ya oili haitoki kirahisi.) Nikafikiri. Hapana, dokta, alikuwa hajikuni.

Jamani, swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko yote tuliyofanya kwa miezi mitatu.

Alinieleza hivi. Mbwa anayenyonyoka huku akijikuna mfululizo, kwanza mtafutie viroboto, kupe na upele wa kuambukiza, ule unaopenda kuanzia kwenye kingo za masikio na viwiko. Upele huo unaweza kumrukia na binadamu ukamwasha, ingawa wadudu wake hawakai kwetu muda mrefu. Yale mabaka ya duara ni fangasi, ndugu wa mapunye ya watoto, nayo yanaambukiza kweli. Kwa hiyo hofu ya Mama haikuwa ya ovyo, alichokosa ni jina la ugonjwa tu. Lakini mbwa mzee anayenyonyoka pande zote mbili sawasawa, hajikuni, ananenepa bila kula zaidi na amepoa, huyo tatizo lake huenda limeanzia ndani na ngozi inatoa taarifa tu. Akaniuliza tena: "Anaota jua?"

Hapo nikacheka kwa aibu. Februari, saa saba mchana, Dar es Salaam hii, wakati kuku wenyewe wako uvunguni mwa gari, Simba alikuwa analala katikati ya uwanja juani. Sisi tulisema amechanganyikiwa kwa uzee. Kumbe alikuwa anasikia baridi.

Daktari alikwangua ngozi kwa kisu butu mpaka damu ikachomoza kidogo, akaweka ukwangu kwenye kioo, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona vidudu virefu kama sigara zenye miguu midogo. Ni demodeksi, jamii ya utitiri wanaoishi ndani ya vinyweleo. Nikasema, basi tumempata mchawi. Akatikisa kichwa. Wadudu hawa karibu kila mbwa anao, tangu aliponyonya kwa mama yake, na haviambukizi watu. Mwili wenye afya huwazuia wasizaliane. Mbwa mdogo akiugua demodeksi hatushangai sana, kinga yake bado changa. Lakini mbwa wa miaka 11 ambaye ameishi nao kwa amani maisha yake yote, inabidi uulize: ni nini kimeangusha ulinzi sasa?

Kitu hicho kinaweza kuwa uvimbe, au dawa za steroidi alizopewa muda mrefu, au tezi zilizo juu ya figo zinazozalisha kotisoli kupita kiasi. Hao wa kotisoli hunywa maji mengi, hukojoa sana na tumbo hulegea. Simba hakuwa hivyo. Daktari alishuku tezi ya shingoni, thairoidi, ambayo kwa mbwa wa makamo na wazee mara nyingi huharibiwa na kinga ya mwili wao wenyewe. Ila hakukimbilia kupima, maana mbwa anayeumwa kitu kingine chochote anaweza kuonyesha homoni imeshuka wakati tezi yake ni nzima. Kwanza tukatibu ngozi: shampuu ya dawa, antibayotiki kwa vidonda, na aivamektini ile ile, safari hii kwa mdomo, dozi ikianza ndogo na kupanda polepole kwa sababu ya damu ya ushepadi. Mwezi mmoja niliouomba ukawa mitatu. Mama aliona vidonda vinakauka akawa mpole. Ndipo damu ikapimwa. Homoni ya thairoidi ilikuwa chini sana, kolesteroli juu.

Dawa yake ni levothairoksini, ile wanayotumia binadamu. Nilikwenda duka la dawa na cheti. Dada wa pale akakisoma mara mbili.

"Kaka, hapa pameandikwa tembe nne asubuhi na nne jioni. Za maikrogramu 100?"

"Ndiyo, dada."

"Kila siku? Mgonjwa ana uzito gani?"

"Kilo 22."

Akaondoa miwani. Ikabidi nieleze kwamba mgonjwa ana mkia. Mwili wa mbwa hufyonza dawa hii vibaya na kuitoa haraka, hivyo kwa kila kilo anahitaji nyingi kuliko sisi mara kumi na zaidi. Tafadhali usiichukue hiyo kama dozi ya mbwa wako. Simba alianza na nusu yake ili kuulinda moyo, na alirudi kupimwa damu kabla ya kupandishiwa.

Najua kuna atakayesema: wagonjwa wanakosa dawa hospitalini, huyu anatuletea habari za homoni za mbwa. Hoja hii ninaiheshimu, nimeandika habari za wodini na nimeyaona. Lakini tazama nani anaitoa. Mara nyingi ni mtu mwenye geti, mwenye ukuta, mwenye gari linalofanyiwa sevisi kila baada ya kilometa elfu tano bila mjadala wa kifamilia. Mlinzi wa kampuni angemlipa kila mwezi kwa miaka 11. Mbwa tunamweka kwa kazi, na siku kazi imemzeesha tunagundua ghafla kwamba yeye ni mnyama tu. Asiye na uwezo kabisa simlaumu, na kwake nina ombi dogo: asimpake kitu. Kutofanya lolote kungemfaa Simba kuliko nilichofanya mimi.

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Sijawahi kumsikia mtu mtaani kwetu akiitaja. Ila mimi namlaumu zaidi yule wa pikipiki kuliko sheria, kwa sababu yeye alikuwa amefika, mbwa alikuwa mbele yake, na kuuliza "anajikuna?" ni bure. Na ninajilaumu mimi niliyekuwa naishi na huyo mbwa, ninayemwona akiota jua la saa saba, nikawa na neno "uzee" mdomoni, neno linalomaliza maswali yote kabla hayajaanza. Mwaka juzi shangazi yangu aliambiwa hivyo hivyo kuhusu uchovu wake na kusikia baridi. Baada ya Simba nilimsihi akapime. Anaendelea na vipimo, nisiseme zaidi.

Nguvu zilirudi kwanza, kama wiki ya pili hivi: alimbwekea mleta gesi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwaka. Manyoya yalichukua muda. Kwanza yalipukutika hata yale machache yaliyobaki, Mama akanitazama, nikanyamaza. Mwezi wa nne vikaanza kuota vinyweleo vya kijivu mbavuni, laini kama vya kifaranga. Mkia bado una kipara nchani, na daktari anasema huenda pasiote tena. Macho yameanza kuingia ukungu, na kupanda ngazi ya baraza anapumzika katikati. Huo ndio uzee sasa, wa kweli, na hauhitaji dawa.

Jana nilikwenda kuchukua tembe za mwezi huu. Dada wa duka la dawa alianza kuzihesabu kabla sijafungua mdomo, akaniuliza: "Mzee wa kilo 22 hajambo?"

Sasa ni 19. Amepungua.