MWENYE DAFTARI NDIYE MWENYE UTAFITI



Mwaka 1961 Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa letu. Twajivunia jambo hilo. Lakini leo twauliza: daftari la fedha za utafiti wa vyuo vyetu limo mikononi mwa nani?

Fedha nyingi za utafiti katika vyuo vya Afrika hutoka ng'ambo, nazo haziji peke yake. Huja na mkataba, makisio, taarifa za kila mara, stakabadhi na wakaguzi. Chuo kisipokuwa na wahasibu na wanasheria wa kazi hiyo, mzigo humwangukia mtafiti mwenyewe. Mtaalamu wa malaria huacha darubini yake akatafuta stakabadhi ya petroli! Taarifa ikichelewa, wageni husema, "Hawa hawawezi kutunza fedha." Kisha mkataba hupewa chuo cha Ulaya au Marekani, nasi twabaki vibarua wa kukusanya damu katika nchi yetu wenyewe.

Tena mizani yenyewe haikuwa sawa. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilivilipa vyuo vya nje dola 8 tu za gharama za ofisi kwa kila dola 100 za utafiti, na huku baadhi ya vyuo vya kwao vikipata zaidi ya dola 50. Halafu twaulizwa kwa nini ofisi zetu ni dhaifu!

Wako wenzetu wasemao kwamba kuajiri makarani ni kula fedha za sayansi. Sivyo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani. Hawakukaa wakilia, walijenga vyama vya ushirika, wakaweka wapimaji wao. Mpimaji hakupanda hata mche mmoja, lakini bila yeye jasho la mkulima lilikwenda bure. Mhasibu wa utafiti ndiye mpimaji huyo.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, ofisi ya utafiti ya kila chuo isiwe chumba cha kugongea mihuri tu; iwe na wahasibu hodari, na mwanasheria wa kuusoma mkataba kabla haujatiwa sahihi. Pili, Serikali zetu zitimize neno la Addis Ababa la mwaka 2007, wakuu wa Afrika walipohimizana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tatu, mfadhili anayetaka hesabu safi alipe gharama ya kuziandika.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu nayo ni mali.

Uhuru na Kazi!