Kalamu ya kugawa na kalamu ya kujifunzia: chagua kwa kazi yake

Wiki hii nina maswali mawili ya wasomaji, na yote yanahusu kalamu.

La kwanza ni la mama mwenye duka la kushona nguo. Kikoba chao kimevunjwa, amepata mgao wake, na anataka kuchapisha peni 500 zenye jina la duka azigawe kwa wateja. Anauliza achukue za aina gani. La pili ni la baba ambaye binti yake wa darasa la sita ameipenda kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko wa mapambo, na anaota siku moja kuandika kadi za harusi. Baba anauliza aanze kumnunulia nini bila kutupa hela.

Nimeyaweka pamoja kwa sababu kinachowaponza wazazi katika yote mawili ni kimoja: tunachagua kalamu kwa sura yake kwenye kabati la steshenari, tunasahau kazi itakayofanya na karatasi itakayoandikia.

Peni ya tangazo

Mama, peni unayogawa inabeba jina lako. Mteja akiikwaruza mara tatu bila wino kutoka, jina analolitazama huku amekasirika ni la duka lako. Kwa hiyo jambo la kwanza ni iandike. Rangi na kung'aa vinafuata baadaye.

Kwa biashara ndogo, chukua peni ya kawaida, ile yenye kijipira kidogo kwenye ncha. László Bíró, mzaliwa wa Hungaria, aliiombea hataza Uingereza mwaka 1938, na mwaka 1950 Marcel Bich akaanza kuuza Ufaransa ile ya bei nafuu tunayoijua kwa jina la Bic. Wino wake ni mzito, wa mafuta. Ukigusa karatasi unakauka haraka, na ndani ya mrija unadumu muda mrefu.

Peni za jeli zinateleza vizuri mkononi, lakini wino wake huisha upesi zaidi, na nyingi hutapakaa zikiguswa na maji. Tena, anayeandika risiti kwenye kitabu cha kaboni lazima akandamize ili kopi ionekane. Peni ya kijipira inavumilia kukandamizwa. Ya jeli haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Chagua wino wa buluu au mweusi, unaokubalika kwenye fomu na mitihani. Nyekundu waachie walimu.

Usitoe advansi kabla ya kushika sampuli. Iandikie ukurasa mzima kwenye kitabu chako mwenyewe cha risiti. Iache wazi usiku kucha, asubuhi uone kama inaanza bila kubembelezwa. Kisha chukua kitambaa chenye vitakasa mikono, usugue maandishi yaliyochapwa, na uyakwangue kwa ukucha. Yakitoka mbele yako, ndani ya mkoba wa mteja hayatamaliza mwezi. Kwenye peni za chuma, jina lililochongwa kwa leza halitoki kirahisi kwa sababu limekatwa kwenye chuma chenyewe, ingawa bei yake iko juu.

Nafasi ya kuchapa ni ndogo, kama upana wa kidole. Jina la duka, kazi unayofanya na namba ya simu vinatosha. Mpe mtu mwingine aisome namba tarakimu moja moja kabla hujasema "chapa", maana tarakimu moja ikikosewa inakosewa kwenye peni zote.

Sasa tupige hesabu. Tuseme peni dhaifu ni shilingi 300 na nzuri ni 600. Kwa shilingi 150,000 utapata 500 dhaifu au 250 nzuri. Mimi ningechukua 250, na nisingempa kila anayepita. Ningezipeleka mahali ambapo watu wanaandika: kwa wakala wa fedha za simu mwenye daftari la kusaini, ofisi ya serikali ya mtaa, mapokezi ya shule. Peni moja mezani kwa wakala inashikwa na mikono mingi kwa siku, na kila mkono unaona namba yako.

Jambo la mwisho, hasa kwa wenye watoto wadogo. Ukichagua peni ya kifuniko, tazama kama kifuniko kina tundu kichwani. Tundu hilo limewekwa ili mtoto akikimeza kikakwama kooni, hewa iweze kupita wakati anapelekwa hospitali. Kuna hata kiwango cha kimataifa kuhusu vifuniko hivyo, ISO 11540. Tundu linapunguza hatari tu, haliiondoi, kwa hiyo peni na vifuniko vyake vikae mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Kalamu ya kaligrafia

Baba, usimpe binti yako peni ya duka la jirani ukamwambia aanze nayo. Peni ya kijipira huchora mstari wa unene uleule kila upande, na uzuri wa kaligrafia unatokana na mstari kunenepa na kukonda. Atahangaika wiki mbili, herufi zisifanane na alizoziona, aamini kwamba mkono wake ndio mbovu. Watoto wengi huachia hapo, na kumbe tatizo lilikuwa kifaa.

Anza na penseli mbili na rababendi. Zifunge pamoja, ncha zote mbili ziguse karatasi kwa wakati mmoja. Ncha hizo ni kingo mbili za kalamu pana, na mtoto ataona kwa macho yake jinsi mstari unavyojitanua ukienda upande mmoja na kujibana ukienda mwingine. Gharama yake ni karibu na bure.

Akizoea, mnunulie maka peni yenye ncha bapa ya milimita 3 hadi 5. Kubwa ni bora kwa anayeanza, kwa sababu makosa yanaonekana na yanaweza kurekebishwa. Kuna mwandiko wa kujifunzia uliotokana na kazi ya Mwingereza Edward Johnston, aliyetoa kitabu chake maarufu cha uandishi mwaka 1906. Ndani yake mwili wa herufi ndogo una kimo cha upana wa ncha mara 4. Ncha ya milimita 5 inaandika herufi za milimita 20. Apige mistari kwa rula, ashike kalamu kwa mshazari wa nyuzi kama 30, asiuzungushe mkono katikati ya herufi.

Mtoto anayesoma Kiarabu atakuta kanuni kama hiyo. Neno letu kalamu limetoka kwenye qalam, tete lililochongwa ncha bapa ya mshazari. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, anakumbukwa kwa kupima herufi kwa nukta inayoachwa na kalamu yenyewe. Na hapa pwani, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19.

Kama miezi mitatu baadaye bado anaandika bila kusukumwa, hapo nunua kalamu halisi. Pilot Parallel inauzwa kwa ncha za milimita 1.5, 2.4, 3.8 na 6. Aanze na 3.8. Asiijaze wino wa kuchorea usiopenya maji, kwa maana hukauka ndani na kuziba. Zile kalamu zenye ncha kali inayotanuka ikikandamizwa, za kadi za harusi zenye mikunjo, ziwe hatua ya pili. Mkono mchanga huzichomeka kwenye karatasi na kurusha wino.

Na kama anatumia mkono wa kushoto, usimlazimishe wa kulia. Mgeuzie karatasi mpaka mkono upate njia. Ncha zilizokatwa kwa ajili ya mashoto zipo pia.

Nyote wawili, mkienda dukani msiende mikono mitupu. Mama abebe kitabu chake cha risiti, baba abebe karatasi anayoandikia binti. Muuzaji akikupa kipande cha karatasi yake laini ujaribie hapo, mshukuru, kisha jaribu kwenye ya kwako.