Kifundo cha Mkono Kwanza: Kinga za Mwanagenzi wa Ubao wa Theluji

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu huenda kusoma katika nchi za baridi, kama vile Norway, Kanada na Japani. Theluji iangukapo, wenzao huwaalika mlimani kuteleza kwa ubao. Mchezo huu, ulioingia katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998 huko Nagano, hutumia ubao mmoja tu. Miguu yote miwili ya mtelezaji hufungwa juu yake, naye huteremka ubavu. Swali la kununua nini kwanza huonekana dogo. Kwa maoni yangu wanagenzi wengi hulijibu kinyume: fedha huishia kwenye koti la kupendeza, na masalio ndiyo hutafutiwa kinga. Ningependa kutetea utaratibu mwingine, unaotokana na fizikia ya kuanguka.

Mtembeaji akijikwaa hupeleka mguu mbele akajishikiza. Mtelezaji hana mguu wa kupeleka. Ukingo wa ubao unaoelekea bondeni ukichimba theluji, ubao husimama ghafla ilhali mwili unaendelea, naye huanguka kama mnazi uliokatwa shina. Akianguka kifudifudi hutanguliza viganja na magoti. Akianguka chali hutanguliza makalio na viganja, na mara nyingine kisogo. Haya hutukia hata kwenye miteremko midogo ya kujifunzia, ambako watu hudhani hakuna hatari. Madaktari wa Japani wameeleza habari za wanagenzi waliovuja damu ndani ya fuvu baada ya kuanguka chali katika miteremko ya namna hiyo.

Hata hivyo kiungo kinachoumia mara nyingi zaidi kwa wanagenzi ni kifundo cha mkono. Huko Norway watelezaji 5,029 waligawanywa katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi moja likavaa kinga za kifundo, la pili halikuvaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliovaa walipata majeraha 8 ya kifundo, wasiovaa 29. Kwa mwanafunzi aliyeko ugenini, mkono wa kuandikia ukikaa ndani ya plasta wiki kadhaa si jambo la mzaha.

Wapo wasemao kwamba kinga huhamisha tu mvunjiko kutoka kifundoni hadi kwenye kigasha. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana kinga fupi iliyo ngumu mno yaweza kuufanya ukingo wake uwe mahali pa mfupa kupindia. Lakini hilo ni shtaka dhidi ya kinga mbaya, si dhidi ya kinga. Ichaguliwe yenye gango linalopita kifundo na kupanda kwenye kigasha, lenye kunepa kidogo, na yenye mto kiganjani wa kupunguza kishindo. Kiwango cha kimataifa cha kinga hizi, ISO 20320, kilitolewa mwaka 2020. Mnunuzi akitafute kwenye lebo. Aijaribu pamoja na glovu zake, kwani kinga isiyoingia ndani ya glovu wala kuvalika juu yake itabaki mkobani.

Baada ya mkono, kichwa. Hapa hesabu ni nyepesi. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha sentimita 150 hufika chini kwa kasi ya mita 5.4 hivi kwa sekunde. Kikisimamishwa ndani ya nusu sentimita juu ya barafu, mchapuko wa wastani wa kukisimamisha ni 150 kugawanya kwa 0.5, yaani mara 300 ya ule wa mvutano wa dunia. Povu la helmeti likibonyea sentimita 2, jibu hushuka hadi 75. Kasi hiyohiyo ndiyo inayotumika kupimia helmeti kwa kiwango cha Ulaya, EN 1077. Ni kama kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo helmeti humfaa hasa anayeanguka kama mwanagenzi. Isimpe ushujaa wa kukimbia kuliko ustadi wake. Uchunguzi mwingine wa Norway, uliochapishwa mwaka 2006, uliihusisha helmeti na upungufu wa asilimia 60 wa hatari ya kuumia kichwa.

Helmeti ivaliwe bila kofia nene ya sufi chini yake. Mvaaji atikise kichwa kabla ya kufunga ukanda: ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja na helmeti, imemkaa.

Suruali yenye mito ya kulinda kifandugu, na kinga za magoti, huja baadaye. Miwani haihitaji urembo, bali izuie miale ya urujuanimno, kwani theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo.

Nawasihi wanunuzi wasichukue helmeti ya mitumba kwa sababu ya bei. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaonyesha wanafunzi sababu bila theluji yoyote. Atafute helmeti ya pikipiki iliyotupwa, aondoe kitambaa cha ndani, aufikie utando mweupe wa polistirini. Mwanafunzi aubonyeze kwa nguvu kwa kidole gumba, kisha darasa lingoje dakika kumi waone kama kishimo kitajaa. Kiasi kikubwa hakitajaa, wala ganda la nje halitaonyesha alama.