Jaribu la kinara cha hekalu

Mahubiri mengi kuhusu majaribu yana orodha ile ile: pombe, uzinzi, tamaa ya fedha, na siku hizi kubeti. Sina ugomvi na orodha hiyo, maana hakuna kilichomo ambacho hakijawahi kuvunja nyumba ya mtu. Upungufu wake ni kwamba dhambi zote zilizomo zinajulikana kuwa dhambi hata kwa anayezitenda. Mlevi hadai kwamba anakunywa kwa imani. Majaribu ya Yesu jangwani, kama yanavyosimuliwa katika sura ya nne ya Mathayo na ya Luka, ni ya namna nyingine kabisa. La mkate linagusa njaa halali ya mtu aliyefunga siku 40. La kinara cha hekalu ndilo la kutisha zaidi, kwa sababu limevaa joho la ibada: mahali ni patakatifu, andiko linalonukuliwa ni Zaburi ya 91, na anachotakiwa Yesu ni kuonyesha imani, ajirushe chini ili malaika wamdake. Luka ameliweka mwisho, baada ya mengine yote kushindwa. Nadhani hilo ndilo jaribu kubwa la Ukristo wetu wa Afrika Mashariki leo, na halihubiriwi sana kwa kuwa wakati mwingine anayelileta ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Jibu la Yesu linatoka Kumbukumbu la Torati, nalo linarejea kisa cha Masa katika kitabu cha Kutoka, pale Waisraeli walipokosa maji wakataka kujua kama Bwana yu pamoja nao au la. Kiu yao haikuwa kosa, na kuomba maji hakukuwa kosa. Walikosea walipogeuza maji kuwa mtihani, Mungu afaulu au aonekane hayupo. Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayemtumaini Mungu huleta haja yake na kumwachia Mungu jibu. Anayemjaribu huja na jibu mkononi, na tarehe yake, na mara nyingi na bei yake. Kwa nje wote wawili wanafunga, wanalia na kusema amina kwa sauti ile ile, na ndiyo sababu ni vigumu kuwatofautisha.

Matokeo tumeyaona. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Bei hiyo haikuwa ya mlaji pesa, na sitamweka mzee yule kundi moja na wafanyabiashara wa miujiza. Lakini wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni ya magari, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini kwamba kuendelea kuzimeza ni kumtilia Mungu shaka. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo walipokanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kisha ikaja Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 imefukuliwa, mingi ya watoto, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, baada ya mhubiri wao kuwahimiza wafunge. Matukio haya hayalingani kwa uzito wala kwa nia ya waliohusika. Yanachoshiriki ni fundisho moja, kwamba anayechukua tahadhari ana imani haba.

Kuna watakaoniuliza: je, Mungu hatendi miujiza tena? Anatenda, na sina mamlaka ya kumpangia mipaka. Ila msomaji arudi kwa Shadraka, Meshaki na Abednego mbele ya Nebukadneza. Walikiri kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru, wakaongeza kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Hiyo nyongeza ndiyo imani yenyewe, na ndiyo inayokatwa katika matangazo ya mikutano ya uponyaji. Gethsemane ni vivyo hivyo: Yesu aliomba kikombe kimwondokee, akaomba kwa uchungu, kisha akaacha mapenzi ya Baba yatimie. Hakuna mhubiri atakayethubutu kusema kwamba usiku ule imani yake ilipungua.

Swali gumu zaidi linatoka kwa maskini. Mama aliyeandikiwa kipimo asichoweza kukilipia, akarudi nyumbani na mtoto mgonjwa, una haki gani ya kumwambia asikimbilie mafuta? Sina. Yeye yuko mahali pa Waisraeli wenye kiu, na kiu si dhambi. Lawama naielekeza kwa anayemwambia kwamba mtoto hakupona kwa sababu sadaka ilikuwa ndogo, na kwa makanisa yenye fedha za kujengea minara lakini hayana mfuko wa kumlipia kipimo. Wengine husema serikali idhibiti wahubiri. Idhibiti pale uhai unapohatarishwa, lakini haiwezi kuwafundisha waumini namna ya kuomba. Hiyo ni kazi ya kanisa.

Na wapo wanaohofu kwamba mafundisho haya yatazaa waumini baridi, wa kukunja mikono na kusingizia mapenzi ya Mungu kwa kila kinachowapata. Yusufu anawajibu. Mke wa Potifa alipomshika vazi, hakusimama kuomba apewe nguvu za kushinda. Aliliacha vazi akakimbia. Miguu yake ilikuwa sehemu ya utii wake, kama kidonge cha jioni kilivyo kwa mgonjwa anayemcha Mungu. Yeye huyo aliwekwa gerezani kwa uaminifu wake, na hakudai kutolewa kesho yake.

Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa, akanyimwa, akaambiwa neema inamtosha. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, alisafiri na Luka aliyekuwa tabibu, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Angeingia leo katika baadhi ya mikutano yetu na historia hiyo, angeitwa mbele aombewe roho ya mashaka imtoke.