Mashine ya kunyonya vumbi: uliza upepo kabla ya hospawa

Leo nasema na fundi wa karakana ya nyumbani, yule mwenye banda pembeni ya nyumba, mashine mbili tatu, na watoto wanacheza hapo hapo uwanjani. Kama mimi hapa Ndagoni.

Swali ninaloulizwa sana ni "ninunue ya hospawa ngapi?" Kwa maoni yangu swali hilo limekaa upande. Na sisi wa Mafia hatuna nafasi ya kujaribu jaribu. Ukishanunua Kariakoo, ukapandisha gari Mbagala mpaka Nyamisati, ukavuka na boti mpaka Kilindoni, halafu ukatafuta usafiri wa kufika kijijini, habari ya kuirudisha dukani sahau. Gharama ya mzigo tu imeshakula faida ya kitanda.

Uliza upepo. Kwenye boksi tafuta CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika. Halafu usiiamini sana, maana namba hiyo mara nyingi imepimwa mashine ikiwa uchi, haina paipu wala mfuko uliojaa. Ukishafunga paipu na kona zake, inashuka sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ili unga na maranda visilale ndani ya paipu, hewa inatakiwa kwenda kama mita 20 kwa sekunde. Kwenye paipu ya PVC ya inchi 4, ile ile ya maji machafu inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, kasi hiyo ni kama CFM 330. Randa ya umeme ya inchi 12 inatema maranda mengi kwa mkupuo, kwa hiyo mimi nalenga CFM 400 halisi, pale kwenye mdomo wa randa. Sio 400 za kwenye boksi.

Sasa kuna anayesema, basi niweke paipu ya inchi 6 nivute zaidi. Hapana ndugu yangu. Inchi 6 inataka upepo zaidi ya mara mbili ili kasi ibaki ile ile. Mashine ndogo ikifungwa kwenye paipu kubwa, kasi inakufa, maranda yanalala, na wiki ya pili umeziba.

Kinachomaliza nguvu zaidi ni hozi ya mikunjo. Ndefu, imezungushwa kama nyoka, halafu fundi analalamika mota ni mbovu. Weka mashine ya kunyonya karibu na randa, tumia paipu laini, hozi iwe ya kuungia mwishoni tu, mita moja inatosha. Kona kali ya nyuzi 90 badilisha kwa mbili za nyuzi 45. Kumbuka ukitaka upepo mara mbili kwenye paipu ile ile, upinzani unapanda mara nne. Kwa hiyo kupunguza kona ni rahisi kuliko kuongeza mota.

Vakyumu ya kawaida, hizi za kufagilia gari, ni nzuri kwa msasa wa umeme na ruta. Zinavuta kwa nguvu kwenye hozi nyembamba, lakini hewa ni kidogo, nyingi hazifiki nusu ya CFM 400. Kama kazi yako ni msasa na patasi, inakutosha, okoa hela. Ukiifunga kwenye randa, unajisumbua.

Halafu mfuko. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mfuko wa kitambaa chepesi unashika maranda, ule unga laini kabisa unarudi bandani, na huo ndio unaoingia kifuani. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa saratani ya pua. Kwa hiyo tafuta mfuko wa maikroni 1, au toa hewa nje kabisa, upande usioelekea jikoni wala kwa jirani. Kusi na kaskazi havipulizi upande mmoja, lifikirie hilo kabla hujatoboa ukuta. Na barakoa bado vaa.

Wanaopasua mbao za mashua kuukuu, wekeni pipa kabla ya feni ili misumari na vipande vizito vidondoke humo. Msumari ukigonga feni unatoa cheche, na mfuko umejaa unga mkavu. Pipa linakula upepo kidogo, lihesabie.

Umeme nao: randa ya hospawa 2 pamoja na kinyonya vumbi cha hospawa 2 ni zaidi ya kilowati 3, plagi moja ya ampia 13 haiwezi. Kila moja iwe na waya wake. Washa kinyonya vumbi kwanza, kikishachanganya ndiyo uwashe randa.

Kupima kama upepo unatosha, fanya kazi siku nzima kisha fungua paipu. Ikiwa na maranda chini, kasi ni ndogo. Usiku zima taa, washa tochi bandani. Ukiona unga unaelea kwenye mwanga, usipake vanishi kesho yake kabla hujafuta kila kitu kwa kitambaa kibichi, maana mteja akipapasa meza ikakwaruza kama msasa, bei anaishusha hapo hapo.