Keki nyekundu ya Idi

Siku ya Idi mama mmoja wa chama chetu, Mkristo, alimpelekea jirani yake Mwislamu keki iliyopakwa sukari nyekundu. Ikarudishwa. Jirani alikuwa amesikia kwamba rangi nyekundu ya vyakula inatoka kwa wadudu. Siku tatu hawakusalimiana, nao wanachota maji kwenye bomba moja.

Jirani hakudanganywa kabisa. Iko rangi ambayo kwenye pakiti huandikwa E120, «carmin» au «cochenille». Inatokana na mdudu mdogo anayeishi juu ya mmea wa miiba, hasa kule Peru. Hukaushwa na kusagwa. Wanachuoni wengi wanakataza kula wadudu, ukiacha nzige. Hata hivyo mwaka 2011 baraza la maulamaa la Indonesia, MUI, liliiruhusu rangi hiyo. Kwa hiyo hata hapo kauli si moja.

Lakini keki ile ilikuwa ya biteravu! Mama mwenyewe aliikwaruza, akaikamua, akaichuja kwa kitambaa. Mmea usiolevya wala kudhuru ni halali, na rangi yake vilevile. Nani amewahi kuuliza kuhusu wekundu wa mawese kwenye sombe, au manjano kwenye wali?

Rangi ya mmea ikinunuliwa dukani, cha kuchunguza ni kile ilichochanganywa nacho. E162 ni biteravu, E100 ni manjano: hizo zenyewe hazina neno. Ila someni mpaka mwisho wa karatasi. «Gélatine» yaweza kutoka kwa nguruwe. E422, yaani gliserini, hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na pakiti mara nyingi haisemi ni yapi. Rangi nyingine hutolewa kwenye mmea kwa alkoholi. Hapo muulizeni sheikh, mimi ni mwalimu wa shule tu. Na neno «naturel» halitoshi, maana mdudu naye ni wa asili.

Jumapili nilimpelekea jirani biteravu nzima, nikaikata mbele yake. Alitazama vidole vyangu, akacheka. Keki yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na watoto wa aliyeipika. Sasa anataka kufundishwa. Nimemwambia: tia matone ya limau, changanya na sukari ya unga, wala usiipitishe kwenye moto, wekundu utafifia.